Bomba Langu la Inchi Moja na Nusu

Nimekaa na aibu hii tangu kiangazi, na nimeona bora niiseme mwenyewe, maana Masama nzima wanaisimulia na kila anayeisimulia anaongeza lake (juzi nimesikia eti nilikimbia uchi mpaka stendi, uongo mtupu, hata getini sikutoka, na uchi wenyewe ulikuwa wa nyuma tu). Kwa hiyo nisikilizeni mimi mwenye mkasa, halafu mcheke mkijua mnachekea nini.

Mimi naitwa Aminiel, fundi wa mageti. Shule niliishia darasa la nne. Nilishuka mjini Moshi na viatu vya tairi, nikajifunza kuchomelea kwa kumtazama mtu aliyekuwa ananifukuza kila siku, na leo ukipita mtaa wa Soweto ukahesabu mageti matano, mawili ni yangu, na yale matatu yaliyopinda ni ya wengine. Nilipozeeka nikarudi kwenye kihamba changu Masama, shamba la migomba la ukoo, na watu walivyoona nimejijenga mwenyewe bila kubebwa na mtu wakanichagua mwenyekiti wa mfongo. Kwa asiyejua, mfongo ni ule mfereji walioutoboa mababu zetu kuteremsha maji kutoka juu mlimani, unapita kihamba kwa kihamba, na kila nyumba ina siku yake ya kufungulia. Anayefungulia siku isiyo yake ni mwizi, na faini yake ni debe la mbege, pombe yetu ya ndizi, wazee wanakunywa wamekaa na yeye amesimama katikati anatazamwa. Nimewasimamisha watu wengi sana. Kumbukeni hilo, tutalirudia.

Jirani yangu wa chini ni Mzee Elinami. Yeye misimu minne ya kiangazi maji yalikuwa yanamfikia kama mkojo wa mtoto, nyanya zake zinakauka zikiwa bado za kijani, akasema ni fuko, wanatoboa ukingo wa mfongo na maji yanapotelea ardhini. Mimi kama mwenyekiti nikaenda kukagua, nikachutama, nikaingiza fimbo kwenye matundu, nikatikisa kichwa, nikaunda kamati ya fuko. Elinami alitega mitego mpaka mkewe akanasa kidole cha mguu. Na hilo nalo likumbukeni.

Sasa kikohozi. Ninacho tangu ujana. Kila mwaka baridi ikishuka kinakuja na homa, kinakaa upande wa kushoto huku chini, nameza dawa, kinaondoka, mwakani kinarudi palepale kama mpangaji aliyeacha godoro lake. Makohozi yamepimwa mara tatu, kifua kikuu hakuna. Lakini nani Masama anaamini kikopo cha makohozi? Kwetu mbege inanyweka kwa kata moja, inazunguka mkono kwa mkono, na kata ikitoka kwangu nimeona watu wazima wakikumbuka ghafla kwamba wameacha ng'ombe bila majani.

Nilivumilia, mpaka ikaja habari ya Nsia. Huyu ni binti yangu wa mwisho, mwalimu, na mtu aliyempenda katika dunia nzima ni Godlisten, mtoto wa huyohuyo Elinami. Siku ya wazazi kukutana, baba wa binti anapiga kata ya kwanza, anampa baba wa kijana, na huyo akinywa basi neno limepita. Asipokunywa, watu wanakunja viti wanaenda nyumbani. Siku ilipangwa iwe Jumamosi. Na Jumapili kabla yake, tukitoka ibadani, Elinami akasimama mbele ya watu akasema, "Binti simkatai. Nsia ni mtoto wangu. Ninachokataa ni kifua cha baba yake."

Nsia alilia siku mbili. Mimi sikulia, nilikohoa.

Jumatatu tukaenda mjini kwa daktari wa kifua, mama mmoja Mpare, anaongea polepole kama anayepima maneno kwenye mizani. Mke wangu, Mama Nsia, alikuwa amebeba eksirei zangu zote za miaka yote (huwa anazitunza chini ya godoro). Daktari akazipanga kwenye mwanga, akazitazama, akasema, "Mzee, kivuli kiko mahali pamoja miaka yote hii. Ugonjwa wa kuambukizwa hauna adabu hiyo, ungehama. Nafikiri hiki umezaliwa nacho."

"Daktari, mimi nina miaka sitini na nane."

"Ndiyo. Umezaliwa nacho miaka sitini na nane iliyopita."

Akanieleza kwamba wapo watu ambao pafu lao halikuumbwa sawa tumboni mwa mama, wakakua, wakaoa, wakazeeka, kila mtu anadhani ni baridi au sigara au kifua kikuu, hata uchawi. Akasema anataka nipigwe picha kwa MRI, mashine inayotumia sumaku, haina mionzi, na inaweza kuonyesha mishipa ya damu inakotoka na inakokwenda bila kuchomwa ile dawa ya kipimo kingine, ambayo figo zangu za uzeeni zisingeipenda. "Ikionekana ninachofikiri," akasema, "nitakuandikia kwamba humwambukizi mtu." Nikamwambia aiandike kwa herufi kubwa. Akanipangia kesho yake, Jumanne.

Hapa ndipo nilipoharibu, na niliharibu kwa kitu kidogo tu. Ningeweza kwenda na mke wangu na binti yangu kimyakimya, nikapigwa picha, nikarudi na karatasi. Lakini mimi ni mtu wa kumaliza maneno ya watu, nikasema hapana, Elinami lazima aje ashuhudie, asije akasema karatasi nimeinunua. Nikamfuata kwake, nikamkuta amechutama kwenye mtego.

"Baba Godi, kesho twende ukaone pafu langu kwa macho yako."

"Pafu lako nikalione la nini? Nalisikia kila asubuhi nikiwa kitandani."

"Utaliona na utanyamaza."

Akafikiri. "Gari la nani?"

"La Nsia."

"Nakaa mbele?"

"Kaa mbele."

Basi akakaa mbele kama mkuu wa wilaya, mimi na Mama Nsia nyuma na mkungu wa ndizi wa daktari magotini (kwetu huendi kwa mtu mikono mitupu), mpaka hospitalini.

Binti wa picha anaitwa Zuhura, mtoto wa Tanga, mpole na ana haraka. Akaniamkia shikamoo babu, nikaitika, akauliza kama nina chuma chochote mwilini. Nikamwambia, "Binti, mimi mwenyewe ni chuma." Hakucheka. Akauliza kazi yangu, nikamweleza kwa kirefu, yeye badala ya kusifia akanipeleka kwanza nikapigwe eksirei ya macho, kuangalia kama nina vumbi la chuma machoni, maana sumaku ile ingelivuta. Nikamwambia sumaku naijua, ninayo moja ya kuokotea misumari. Akasema hii ni kubwa kidogo. Macho yakaonekana masafi (nilijua), akanivua saa, mkanda, funguo, suruali, vyote akavifungia kabatini, ufunguo akauweka mfukoni mwake, mimi akanipa gauni. Lile gauni linafungwa kwa nyuma na kamba mbili. Langu lilikuwa na moja, na hiyo moja ilikuwa shingoni.

Nsia akaninong'oneza, "Baba, baba Godi akae kwenye benchi na mama, tafadhali."

"Atakaa ndani. Nimemleta ashuhudie, siyo akae benchi."

Zuhura akasema chumba cha kompyuta haingii mtu. Nikamwambia ndoa ya mtoto imesimama kwenye picha hiyo. Tulibishana mpaka foleni ikaanza kuguna, akachoka. "Haya, aingie, lakini asiguse kitu na akae kimya." Kimya alikaa, namshukuru kwa hilo. Ila kiyoyozi kilikuwa kinamuuma magoti, akaenda akauacha mlango wa koridoni wazi ili joto liingie. Sasa vuta picha: mimi kwenye mashine, kioo, upande wa pili wa kioo Zuhura na Elinami, mlango wazi, na nje ya mlango benchi zima la watu, mke wangu na binti yangu wakiwa wa kwanza.

Zuhura akanilaza, akanivalisha vidude vya masikioni kama vya vijana wanaosikiliza muziki, akanipa kipira mkononi. "Babu, nikisema vuta pumzi, vuta. Nikisema toa, toa. Nikisema shika, usipumue mpaka nikuruhusu. Ukipata shida bonyeza hiki kipira." Na akaongeza na neno lingine, ambalo mimi nililikosa kwa sababu wakati huo nilikuwa namweleza habari za ile sumaku yangu ya misumari. Neno lenyewe lilikuwa kwamba kuna kipaza sauti humo ndani, na yeye atakuwa ananisikia muda wote.

Kipira nikakiweka pembeni. Mwanamume aliyening'inia kwenye paa la kiwanda akachomelea habonyezi kipira.

Nikaingizwa. Lile tundu ni kama kalavati la chini ya barabara, pua yako na dari wanasalimiana. Ikaanza kugonga. Mwanzo nikatulia, vuta, toa, shika, na kwenye kushika kikohozi kikaja. "Babu umekohoa, tunarudia." Tukarudia, nikakohoa. Tukarudia. Mara ya tatu niliweza, nikaanza kujisifu kimoyomoyo, ndipo mashine ikabadilisha mlio.

Nataka mnielewe hapa. Mtu mwingine angesikia kelele tu. Mimi nina miaka arobaini na grenda, na mota, na jenereta, mashine ikiumwa mimi naisikia kabla ya mwenyewe. Na ule mlio, nawaapia, ulikuwa wa beringi iliyokufa. Kakakakaka, halafu unazama, halafu kakakaka tena. Nikapiga kelele, "Zimeni, beringi imekufa." Kimya, hakuna anayejibu (Zuhura anasema alinijibu mara mbili, ila mimi nilikuwa napiga kelele kuliko mashine). Nikapiga tena. Hakuna kitu. Basi nikajua humu ndani hakuna anayenisikia, nimezikwa. Nikatafuta kipira, kumbe kimebingirika mpaka kwenye goti, na mkono haukunjiki humo. Nikaanza kusikia harufu ya kuungua, ambayo mpaka leo sijui niliitoa wapi. Halafu mashine ikanyamaza ghafla, kimya kabisa.

Wenye akili wangejua kipande cha picha kimeisha. Mimi nikajua mota imeungua, moto unafuata, na mimi ndiye kuni.

Nikaanza kuungama. Na kwa sababu masikio yameziba, niliungama kwa sauti ya kumwita mtu ng'ambo ya korongo.

"Mungu wangu, ni mimi Aminiel wa Masama. Wewe ulikuwa unaona. Kwa Elinami hakuna fuko. Fuko ni mimi. Ni bomba la inchi moja na nusu, nimelichomelea mwenyewe, lina koki, nimelipitisha chini ya magimbi, linaingia kwenye bwawa langu la samaki. Misimu minne, Baba. Na ile kamati ya fuko niliiunda nikijua. Na siku niliyoingiza fimbo kwenye tundu, Elinami akaniuliza yako mangapi, nikamwambia sita, nilikuwa natunga. Nitoe humu nikalizibe. Usiniue kwa gauni."

Kwenye masikio nikasikia kama mtu anajizuia asipaliwe, kisha sauti ya Zuhura, laini sana. "Babu. Tunakusikia."

Wale walio na umri wangu mnajua kwamba damu inaweza kurudi nyuma. Ilirudi.

"Vuta pumzi," akasema Zuhura. Nikavuta. "Toa. Shika." Nikashika. Sijawahi katika maisha yangu kushika pumzi vizuri namna ile, wala sikutaka kuiachia tena. Kikohozi chenyewe kiliona aibu, hakikuja. Zuhura aliniambia baadaye kwamba picha ile ndiyo iliyotoka safi kuliko zote.

Nilipotolewa, upande wa pili wa kioo Elinami hayupo. Nikatoka koridoni. Benchi zima linatazama viatu vyake. Kuna mzee mmoja wa Kirua ambaye sijawahi kumwona, akaniambia "pole na bomba". Nsia ameweka paji la uso ukutani. Mama Nsia, ambaye miaka minne amekuwa akinisifia wale samaki kwa wanawake wenzake, akanitazama tu. "Baba Nsia," akasema. "Bwawa."

"Yuko wapi?"

"Amekwenda kutafuta bodaboda."

Nikaona mambo yote kwa pamoja. Elinami akifika Masama kabla yangu, anapiga debe, wazee wa mfongo wanakutana jioni ileile, Jumamosi hakuna kata, na Nsia haolewi kwa sababu ya kambale wangu arobaini. Suruali yangu iko kabatini, ufunguo uko mfukoni kwa Zuhura, na Zuhura ameshaingiza mtu mwingine. Lakini sisi tuna dawa yetu. Ukimkosea mtu kosa kubwa, unamletea jani la isale, na akiletewa isale hawezi kuondoka kabla hajakusikiliza. Na isale, namshukuru aliyepanga bustani ile, wameipanda mstari mzima pale karibu na geti la hospitali, wanadhani ni pambo.

Nikatoka hivyohivyo, mkono mmoja umeshika gauni nyuma, natembea ile ya haraka ambayo mtu hataki kuiita mbio. Nikafika bustanini, nikainama (kuinama lilikuwa kosa), nikakata jani. Mlinzi akaja.

"Mzee, maua ya hospitali hayachumwi."

"Hili si ua, hili ni isale."

"Hata kama. Halafu mzee, huku nyuma—"

"Najua."

Elinami alikuwa ameshakaa kwenye bodaboda. Aliponiona akamgusa dereva bega. "Ngoja kidogo, fuko wangu amekuja."

Dereva wa bodaboda, kijana mwenye adabu, akaniambia shikamoo na macho yake akayapeleka mlimani.

"Baba Godi," nikasema, "jani hili."

"Naliona. Mkono mmoja?"

"Ule mwingine una kazi."

"Isale haitolewi kwa mkono mmoja, mwenyekiti. Si wewe uliyemwambia hivyo Mzee Ndeoya, siku ulipomsimamisha kwa debe la mbege? Ukamrudisha nyumbani akalete tena."

Kweli nilimrudisha. Na maji yenyewe Ndeoya alichukua ndoo mbili.

Upepo wa Moshi mchana mnaujua, unashuka kutoka mlimani bila kubisha hodi. Nyuma yangu kulikuwa na dirisha la dawa na foleni yake, wanawake kama kumi, wengine na watoto. Nikamtazama Elinami nione kama anatania. Hakuwa anatania. Nikamfikiria Nsia na ukuta. Nikaachia gauni, nikashika jani kwa mikono miwili, nikalinyoosha mbele, na upepo ukafanya kazi yake. Nyuma nikasikia mama mmoja akimziba mtoto wake macho, "Usiangalie babu wa watu," na yeye mwenyewe sidhani kama aliangalia pengine.

Elinami alilitazama lile jani muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Halafu akalipokea.

"Nimelipokea," akasema. "Sijasema nimesamehe. Kwanza funika."

Daktari alituita baada ya saa mbili, nikiwa nimerudishiwa suruali. Tukaingia wote, Elinami na jani lake mkononi. Daktari hakuwa na habari ya lolote, ndiyo maana mambo yalikwenda yalivyokwenda. Akafungua picha kwenye kompyuta, akafurahi kama mtu aliyeokota kitu chake kilichopotea.

"Ni kama nilivyofikiri. Mzee, hapa chini kushoto kuna kipande cha pafu cha ziada. Hakikuungana na njia ya hewa kama wenzake, kwa hiyo hakipumui, hakifanyi kazi yoyote. Uchafu ukiingia hautoki vizuri, ndiyo hiyo homa yako ya kila mwaka. Sasa tazama hapa. Hakifanyi kazi, lakini kinakunywa damu. Na damu yenyewe hakiipati kwa njia ya halali ya pafu. Kimejitobolea bomba lake la pembeni, kimya kimya, kutoka kwenye mshipa mkubwa."

Nsia alikuwa ameuma kitambaa.

"Bomba la inchi ngapi, daktari?" akauliza Elinami.

Daktari akaliona ni swali la maana, akapima kwenye kompyuta. "Ah, ni dogo, kama milimita sita."

"La kwake la nyumbani ni inchi moja na nusu."

Mama Nsia ndiye aliyeanza. Miaka yote ya ndoa sijamwona akicheka akaegemea meza ya mtu. Nsia akafuata, na mimi nikaangalia dari, daktari anatutazama mmoja mmoja akidhani tumechanganyikiwa kwa furaha. Akasema wataalamu wa upasuaji watakaa wazungumze, kwa kawaida wanaliziba kwanza lile bomba halafu wanakitoa kipande. Elinami akasema siku ya kuziba bomba naye angependa awepo. Kisha akauliza swali alilokuja nalo, na aliliuliza kwa heshima, sitamsingizia: "Daktari, na hiki kinaambukiza?"

"Hapana. Amezaliwa nacho. Hajawahi kumwambukiza mtu, na hatamwambukiza."

Elinami akanigeukia. "Kwa hiyo kikohozi hukuiba."

"Sikuiba."

"Hicho kimoja."

Jumatano wazee walikuja kufukua. Magimbi yangu yaling'olewa mstari mzima, bomba likatoka, na Elinami akachutama akalipapasa kwenye maungio yote, koki akaifungua akaifunga. "Hata tone halivuji," akasema, na kwa namna alivyosema nilijua hakutaka kusema. (Miaka minne ardhini, bila kutu. Nendeni mkatafute fundi mwingine.) Alhamisi nililipa debe langu la mbege na nikasimama katikati, wao wamekaa, Mzee Ndeoya amekaa mbele kabisa na anakunywa polepole kuliko wote. Uenyekiti wakampa Elinami. Kamati ya fuko ikavunjwa, na mitego yote nikaambiwa nikaitegue mimi.

Jumamosi ikafika. Uwanja umejaa, mke wangu amepika mtori wa ndizi, Nsia amevaa, Godlisten ametoa jasho mpaka kola. Kila mtu Masama alikuwa anajua kila kitu, na hakuna aliyekuwa anamtazama Nsia wala Godlisten, walikuwa wanatazama kata. Nikaijaza. Nikanywa. Nikampa Elinami kwa mikono miwili.

Akaishika. Hakuipeleka mdomoni. Aliitazama ndani, povu linapasuka, Nsia naona vidole vyake vimekamata kanga ya mama yake.

"Mbege hii," akasema Elinami, "imepikwa kwa maji ya nani?"

Mbege ile ilikuwa imepikwa wiki iliyotangulia, kabla ya MRI na kabla ya kufukua. Ningeweza kusema ni maji ya mvua. Miaka minne nilikuwa nasema hivyo kwa urahisi kabisa.

"Ni maji yako," nikasema.

"Basi nakunywa changu," akasema, na akanywa mpaka chini, akafuta mdomo, akageuza kata watu waone. Vigelegele vilianza kwa Mama Nsia, na mimi nikapata kikohozi kirefu, na hakuna aliyesogeza kiti.

Naenda kutolewa kile kipande mvua zikiisha. Nimeshaapa kwamba sitaingia tena kwenye tundu lolote nikiwa na la kuficha, na sitamwalika tena shahidi kwa jambo ambalo karatasi ingetosha. Juzi nilimuuliza daktari kama mtu akilazwa usingizi wa upasuaji huwa anaongea. Akasema wengine huongea, wanapozinduka.

Nikamwambia basi Elinami abaki Masama, kwa sababu hatujazungumza bado habari ya mbuzi wake aliyepotea mwaka juzi.